Dampsta Halijai

Jumamosi, 21 Septemba

Godlisten amekubali, na hilo ndilo linalonisumbua.

Nilimwambia tukiwa tunakunywa chai kwamba nataka kukodi dampsta, lile jisanduku la chuma linaloletwa na lori mtu akitaka kutupa takataka nyingi kwa mpigo, na kwamba vitu vyake vyote alivyorundika kwenye chumba cha chini ya nyumba vitaingia humo. Nilikuwa nimejiandaa kwa vita. Maneno yangu niliyapanga tangu Jumatatu, nikiwa kazini maabara, kati ya damu ya mgonjwa mmoja na mkojo wa mwingine. Yeye akakoroga chai yake, akasema, "Sawa, Mama Tumsifu." Kisha akaomba sukari, ambayo daktari amemkataza.

Mwanamume huyu amekuwa akiokota vitu tangu tulipohamia hapa Fridley, Marekani. Vigae vya kijani vilivyobaki kwenye hoteli moja ya Roseville walipokuwa wakiifanyia ukarabati. Beseni la kunawia. Mabomba yenye shingo ndefu. Vitasa, bawaba, taa za ukutani, choo kizima kilichokaliwa na Wamarekani nisiowajua. Vyote ni vya nyumba ya Machame, nyumba ambayo mpaka leo ni msingi tu, na majani yameota juu yake. Kila nilipolalamika alisema neno moja: "Tutavihitaji tukirudi." Tukirudi, tukirudi. Nilikuwa nalisikia hata usingizini.

Leo hakulisema. Nimekaa na kikombe changu mpaka chai ikapoa, nikilisubiri.

Na mimi sikatai kurudi, ieleweke. Nikistaafu tu, nafunga mizigo. Mimi ni Mhaya wa Bukoba lakini nimekwisha kuipenda ile Machame yao, na baraza ya hiyo nyumba nimeijenga kichwani muda mrefu, na maua nimeshayapanda. Ninachokataa ni kuvusha bahari choo cha mtu. Siku hizi Dar kuna kila kitu. Tena mvua za masika mwaka huu maji yaliingia chini, kuvu imepanda ukutani, na binti yetu Tumsifu, ambaye ameachana na mwenzake, anahama kule Saint Louis Park aje kukaa hapo chini na mtoto wake mchanga. Lazima pawe pakavu na peupe kabla theluji haijaanguka. Sababu zangu zote ni za maana.

Humu ndani nitamwita Godlisten. Baba Tumsifu ni jina la heshima, na kwa sasa heshima naiweka pembeni kidogo.

Jumapili, 22 Septemba

Nimetoka misa, yeye katoka ibada kwa Walutheri wake. Nimemuuliza tena. Bado anakubali.

Jumamosi, 5 Oktoba

Limekuja. Dereva alitandika mbao kwanza ili magurudumu yasivunje sakafu ya uani, akalishusha kwa kelele ambayo iliwatoa majirani madirishani. Akanisomea masharti: hakuna matairi, hakuna rangi, hakuna friji, na taka zisipite ukingo. Nikamwambia asijali, mimi ni mtu wa masharti.

Godlisten hawezi kubeba kitu tangu alipopasuliwa moyo Februari, kwa hiyo nilimwomba Mugisho wa ng'ambo ya barabara aje kunisaidia. Ni Mkongo wa Bukavu, mtu wa miraba minne, mpole. Alinunua ile nyumba kiangazi hiki, nyumba yenyewe mbovu, anakaa na mkewe Nyiraneza na mama mkwe wake, bibi Mukandayisenga, ambaye hatembei tena. Ana gari kubwa la kubebea mizigo. Jumamosi nyingine hukusanya vitu vya wenzao wanaotuma nyumbani: vinaingia melini, vinashukia Dar, halafu vinapanda lori hadi Bukavu.

Tumefanya kazi tangu asubuhi. Alipofika kwenye maboksi ya vigae akasimama, akafungua moja, akapitisha kidole.

"Maman Tumsifu, bile bintu byote ni bya kutupa? Vraiment, kweli?"

"Vyote."

Akamwangalia Godlisten. Godlisten akauangalia mti wa jirani, kana kwamba ndiyo kwanza anauona. Nikaona ule mtazamo wao ukipita juu ya kichwa changu, nikauweka akilini.

Kitu kimoja hakikuguswa. Kule gereji kuna mlango, umefungwa blanketi. Aliununua Saint Paul kwenye nyumba ya zamani iliyokuwa inabomolewa, mbao nzito nyekundu, una kioo cha duara kwa juu. Ni mlango wa mbele wa Machame. Mugisho aliuliza na huo? Mimi nilisema tupumzike kwanza. Hatukurudi tena huko.

Jumapili, 6 Oktoba

Dampsta limefika nusu. Nimelala vizuri.

Jumanne, 8 Oktoba

Nimetoka kazini, nikapita kulichungulia, na vigae vimepungua.

Sikosei. Niliyapanga yale maboksi juu mwenyewe. Mara ya kwanza niliwafikiria wale wanaume wanaopita na pikapu wakiokota vyuma chakavu. Lakini vyuma vipo vyote, hata ile mashine ya kukatia majani iliyokufa zamani. Mwizi wa vyuma anaacha chuma, anabeba vigae? Maabara imenifundisha kwamba sampuli haitembei yenyewe.

Nikamwambia Godlisten. Akasema labda vimezama.

"Vizame wapi? Ni dampsta, si ziwa."

Akacheka. Kwa nini acheke?

Alhamisi, 10 Oktoba

Nimetupa mazulia, makochi mawili yaliyolowa na meza ya kompyuta. Kwa hesabu yoyote ya mtu mwenye akili lilitakiwa lifike ukingoni. Halijai. Na beseni la kunawia limeondoka.

Jumamosi, 12 Oktoba

Nimelifunika turubai na kulikaza kwa kamba. Majani ya mti wa jirani yameanza kudondoka juu yake, manjano matupu. Asubuhi kuna baridi ya kuuma masikio.

Jumapili, 13 Oktoba

Fundo si langu. Mimi nafunga haraka haraka na kukaza kwa hasira. Hili ni fundo la mtu mwenye subira.

Jumatano, 16 Oktoba

Leo ni siku ya gari la kukusanya makaratasi. Nilikuwa natoka kazini kwa miguu kutoka kituo cha basi, nikapita mbele ya kwa Mugisho, na kando ya barabara, kwenye pipa lake, nikaona maboksi yamekunjwa vizuri. Maboksi ya vigae vyetu. Yana jina la ile hoteli ubavuni.

Damu ikanipanda. Nikaenda kugonga.

Nyiraneza akafungua mlango kidogo tu, akasimama kwenye ule upenyo na kitenge chake kimejaa njia. Ni mwanamke ambaye ukipita barabarani tu anakuita ndani unywe chai ya maziwa, na usipokunywa anakununia. Leo hakunikaribisha. Nilisimama nje kwenye baridi kama mtu wa kuuza bima.

"Mama, maboksi yangu yamefikaje kwenu?"

"Maboksi gani, maman?"

"Hayo hapo nje."

Akayaangalia. Hakuwa na uso wa mwizi, alikuwa na uso wa mtoto aliyeambiwa anyamaze. Nyuma yake kitu kilikuwa kinakwaruza sakafu, krr, krr.

"Uulize mzee," akasema.

"Mzee gani?"

"Mzee wako, maman. Pardon. Nina chungu kwa moto."

Akafunga. Sikunusa chungu chochote. Nilinusa saruji.

Alhamisi, 17 Oktoba

Sikumuuliza. Ukimuuliza mtu mapema unampa nafasi ya kutengeneza jibu. Nimeanza kumwangalia.

Viatu vyake vina vumbi jeupe. Daktari alimwambia atembee kila siku, na kweli kila siku anatoka, lakini huku Fridley njia zote ni lami na majani. Vumbi jeupe analitoa wapi?

Halafu simu. Nikiingia sebuleni anaongea na kaka yake Elinaja, yule wa Machame, na mara tu ninapotokea anahamia Kimachame. Tumekaa miaka yote hii na kwa Kimachame najua salamu, chakula na matusi mawili. Zamani alikuwa anahama kutoka Kimachame kuja Kiswahili nikiingia. Sasa anakwenda kinyume.

Na hasemi tukirudi. Nimefuatilia wiki nzima. Hajasema hata mara moja.

Jumamosi, 19 Oktoba

Nimemtega. Tulikuwa tunakunja nguo, nikasema, "Nimeona picha za bafu moja Dar, zuri ajabu. Tukirudi tutaweka kama lile."

Akalikunja shati lake mara ya pili, lile lile lililokwisha kukunjwa.

"Nikuwekee chai?" akasema.

Jumatatu, 21 Oktoba

Wenye dampsta wamepiga simu kuuliza kama limejaa waje kulichukua. Nikasema bado, waniongezee muda. Tumsifu alikuwa amekuja na mtoto kupima chumba cha chini, akanisikia. Kiswahili anakielewa chote lakini kinywani kinamgomea.

"Mom, just let them take it. It's not even full."

"Ndiyo maana sitaki walichukue," nikamjibu. "Halijai. Huoni ajabu?"

Akamwangalia baba yake. Baba yake akambeba mtoto, akaenda naye dirishani kumwonyesha majani. Hata huyo mtoto sasa namwangalia kwa wasiwasi.

Jumatano, 23 Oktoba

Begi la bluu halipo.

Ni lile kubwa la magurudumu, tunalosafiria. Huwa linakaa juu ya kabati la chumbani, na ndani yake mashuka ya kwenda nayo. Mashuka nimeyakuta yamekunjwa chini kabatini, vizuri. Begi hakuna. Nimetafuta gereji, nimetafuta chini, nimefungua hata buti ya gari. Kisha nikakaa kitandani.

Sasa naandika ili nikione kitu chote mahali pamoja.

Mtu anakataa kutupa vitu miaka yote, ghafla anakubali. Vitu vinatoka kwenye dampsta, si ovyo, ni vile tu vya kujengea nyumba. Maboksi yake yanaonekana kwa mtu anayesafirisha mizigo kupitia Dar. Mke wa mtu huyo hanikaribishi ndani na ananiambia nimuulize mume wangu. Mume wangu anaongea na kaka yake kwa lugha nisiyoijua. Haniambii tena tukirudi. Labda kwa sababu haturudi wawili. Na begi limeondoka.

Anakwenda. Mizigo inatangulia na meli, yeye atafuata na ndege. Ameona nimechelewa kustaafu na moyo wake haumpi muda, na anataka kwenda kufia kwao, penye kihamba cha baba yake, migomba na kahawa na makaburi ya wazee wake. Au ameona bora mtu wa kwao. Ukoo wake haukunitaka, nakumbuka vizuri. Shangazi yake mmoja alisema mbele yangu kwamba Mhaya ni mke wa kukaa naye mjini. Nikacheka nao. Sikujua kama neno hilo bado ninalo moyoni mpaka leo.

Nimemsikia akiingia, akavua viatu, akakohoa. Akaniita, "Mama Tumsifu, umekula?" Sauti ile ile. Naogopa. Sijui nifanye nini na mtu anayekuuliza kama umekula huku amekwisha kukuacha.

Ijumaa, 25 Oktoba

Nimefunga gereji, ufunguo ninao mimi. Mlango wa Machame hauendi popote bila mimi.

Jumatatu, 28 Oktoba

Mwenzangu wa kazini aliomba tubadilishane zamu, nikarudi nyumbani mchana. Nilipokata kona ya mtaa wetu nikamwona.

Alikuwa amevaa koti lake zuri la kanisani na kofia, anavuta begi la bluu barabarani. Magurudumu yanapiga kelele kwenye lami. Alikuwa ameinama mbele kidogo, maana begi lilikuwa zito, na alipofika kwenye nguzo ya taa alisimama, akaweka mkono kifuani, akapumua. Halafu akaendelea.

Nilitaka kumwita. Nikaona kwanza nijue anakokwenda. Nikamfuata upande wa pili nikiwa nimejibanza kwenye magari ya watu kama punguani, mwanamke mzima na kitambulisho cha hospitali shingoni. Nilidhani atasimama kusubiri gari la uwanja wa ndege. Hakusimama. Akavuka, akapita majani ya kwa Mugisho, akaliinua begi ngazi moja, akapumua, akaingia. Mlango ukabaki wazi.

Sikubisha hodi. Nilikwenda moja kwa moja, nikapita sebule, nikapita jikoni. Huko nyuma ya jikoni palikuwa na kistoo, nakumbuka, cha kuwekea viazi na ndoo. Bibi Mukandayisenga alikuwa mlangoni pa hicho kistoo kwenye kiti chake cha magurudumu, mgongo amenipa, anaangalia ndani kama msimamizi wa ujenzi. Nikachungulia juu ya kichwa chake.

Lilikuwa bafu.

Vigae vya kijani kuanzia sakafuni mpaka usawa wa bega, vimenyooka, hakuna hata kimoja kilichopinda. Lile beseni, limewekwa chini kidogo ili mtu aliyekaa alifikie. Bomba lenye shingo ndefu. Taa zile mbili za ukutani, zinawaka. Hata choo kile cha Wamarekani kilikuwepo, kimeng'arishwa, na pembeni yake vyuma vya kushikilia. Mugisho alikuwa amelala chini ya beseni na spana. Godlisten alikuwa amevua koti, amekaa kwenye kigoda na mwiko mdogo, anafuta saruji nyeupe kwenye mistari. Begi la bluu lilikuwa wazi miguuni pake, limejaa vigae vilivyofungwa kwa taulo zangu.

"Hodi," nikasema.

Mwiko ukamponyoka.

"Mama Tumsifu. Leo umetoka mapema."

"Unasafiri?"

"Nisafiri kwenda wapi?"

"Na begi. Na koti la kanisani. Unakwenda wapi, Godlisten?" Sijawahi kumwita hivyo mbele ya watu.

Akaliangalia begi, akaniangalia mimi. Nikaona anaelewa nilichokuwa nafikiri, polepole, na uso wake ukaharibika.

"Siruhusiwi kubeba," akasema. "Ndiyo navuta. Nimeshafika, mama. Ni hapa tu."

Mugisho akatoka chini ya beseni, akasema anakwenda kuangalia kitu kwenye gari, akapita kwa ubavu. Bibi hakuondoka.

"Hivi vitu ni vya Machame," nikasema.

"Hakuna Machame."

Alisema taratibu tu. Mimi nikashika fremu ya mlango.

Akaniambia yote pale pale kwenye kigoda, akiangalia sakafu. Baada ya kupasuliwa, siku niliyokuwa kazini, daktari alimwambia moyo wake hautaweza kukaa mbali na hospitali kubwa, si mwaka huu wala miaka ijayo. Akaenda nayo kifuani mwezi mzima. Kisha akampigia Elinaja. Kaka yake ana kijana anayetaka kuoa na hana pa kujenga. Godlisten akampa kihamba, na msingi wake juu.

"Bila kuniambia."

"Bila kukuambia."

"Baraza yangu unampa mtoto wa Elinaja bila kuniambia!"

"Ningekuambiaje?" Sasa na yeye alipandisha sauti, mtu asiyepandishaga. "Kila asubuhi unaamka unapanga maua kwenye ile baraza. Wapi pa kuingilia? Uliposema dampsta nikashukuru Mungu. Nikasema afadhali, vitaondoka bila mimi kusema neno. Halafu nikaviona vigae vimelala juu ya taka zenye kuvu." Akaokota mwiko. "Sikuweza. Nilitaka nivione vimepangwa hata mara moja."

Nyiraneza alikuwa amekwisha kuingia, amesimama nyuma yangu, analia yeye badala yangu. "Maman, tunakuomba pardon. Mzee alisema mpaka tumalize. Bafu yetu iko kule juu tu, na mama haipandi ngazi. Alikuwa anaogea hapa jikoni, mu cuisine, ndani ya bassin, watu wakipita. Mzee aliona ile siku moja, njo akaanza kuleta bintu."

"Nilidhani unanikimbia," nikamwambia Godlisten.

"Nikimbilie wapi na moyo huu? Hata barabara hii navuka kwa kupumzika."

Nikamwambia kwamba angenikimbia ningeelewa vizuri zaidi. Nikamwambia mimi nitarudi, na yeye, bila yeye, hata kama ni Bukoba kwa dada yangu, hata peke yangu. Nilimaanisha kila neno.

Bibi Mukandayisenga akasema kitu kwa Kinyarwanda, kirefu. Nyiraneza akafuta macho.

"Anasema maji ya moto imefika leo. Na mwenye bafu ndiye atanawa wa kwanza."

Sikutaka. Lakini mwanamke mzee yule alikuwa amesogeza kiti chake kunipisha, na pale kwetu mtu mzima akikupisha hukatai. Nikainama kwenye lile beseni lililo chini, nikafungua bomba. Maji yakaja ya baridi, halafu ya vuguvugu, halafu ya moto. Nikanawa mikono mpaka kwenye viwiko kama ninavyonawa kazini, muda mrefu, ili wasinione uso.

Jumanne, 29 Oktoba

Simsemeshi. Yeye anapika, mimi nakula.

Jumatano, 30 Oktoba

Simsemeshi bado. Tumsifu amepiga simu, na yeye alijua. Aliambiwa tangu kiangazi. Kila mtu alijua isipokuwa mimi niliyekuwa naangalia usiku na mchana. Nimemkaripia kwa Kiswahili, Kihaya na Kiingereza. Alipomaliza kulia akasema, "Mama, alikuwa anaogopa utaondoka." Kwa Kiswahili, chote. Nikakata simu ili nisimsamehe haraka.

Nimefungua gereji, nikatoa blanketi kwenye ule mlango, nikaukagua. Mzuri kweli. Nimepita mbele yake miaka yote hii bila kuuangalia, maana nilijua nitauangalia kule. Alipoingia jikoni nikamwambia maneno yangu ya kwanza tangu Jumatatu: "Jumamosi wanakuja. Kila kilichobaki kiingie kwenye dampsta."

"Kila kitu?"

"Kila kitu."

Alhamisi, 31 Oktoba

Theluji ya kwanza. Watoto wa mtaa wamekuja kugonga kuomba peremende, kama ilivyo desturi ya huku usiku wa leo, wamevaa mabawa na koti juu yake. Godlisten amewagawia. Mimi nilikuwa nasikiliza kutoka chumbani.

Jumamosi, 2 Novemba

Asubuhi nilisikia kitu kinaburuzwa uani. Nikachungulia dirishani. Godlisten alikuwa ameutoa ule mlango gereji peke yake, ameulaza juu ya blanketi, na blanketi analivuta kwenye theluji kuelekea dampsta. Anavuta, anasimama, mkono kifuani, anavuta. Hakuwa amemwita Mugisho. Hakuwa amevaa hata kofia. Alikuwa anafanya nilivyomwambia.

Nilitoka na khanga na mabuti. Sikumbuki ngazi.

"Unataka kufa?" nikamwambia. "Unataka nikuzike huku kwenye barafu? Acha!"

"Ulisema kila kitu."

"Najua nilichosema."

Tukasimama pale, mlango katikati yetu, theluji inaangukia kile kioo cha duara. Alikuwa anahema. Nimemwona mzee, nimemwona kweli, si yule niliyekuwa nikimwangalia wiki zote hizi kumkamata. Hasira yangu ilikuwepo, na mpaka sasa ipo, najua mahali ilipokaa. Lakini nilikuwa nimesimama kwenye baridi na khanga kwa sababu niliogopa atakufa, na hilo nalo nililijua.

Nikashika upande mmoja wa blanketi.

"Mwisho wako usiuinue, ongoza tu," nikasema.

Akaangalia dampsta, akaniangalia. "Tunaupeleka wapi?"

Nikaugeuza upande wa nyumba. Tuliuvuta mpaka ngazini, na hapo Mugisho akatokea anakimbia na ndala na soksi, akauinua peke yake, akauegemeza sebuleni. Umeziba televisheni nzima. Umepita urefu wa ule mlango wetu wa mbele, itabidi fremu ipanuliwe juu, Mugisho kapima kwa macho akasema inawezekana.

Lori likaja. Dereva akachungulia ndani ya dampsta, akaniuliza kama nina hakika, mbona liko nusu tu. Nikamwambia lichukue, halitajaa. Akalipandisha kwa kelele ile ile, na uani pakabaki zile alama mbili za mbao, kavu, katikati ya theluji.

Tumsifu anahamia kesho. Mugisho atakuja wiki ijayo na msumeno na bawaba. Jioni, tukiwa tumekaa tunauangalia huo mlango kama mgeni ambaye hajasema amekuja kukaa siku ngapi, Baba Tumsifu akauliza nataka ufungukie wapi, nje au ndani.

"Ndani," nikasema. "Nje kuna theluji."